Uplistsikhe na Gori: Mji wa Mwambani na Nyumba ya Mshona Viatu

Uplistsikhe ni mji uliochongwa katika mwamba wa jiwe la mchanga, juu ya ukingo wa kushoto wa Mto Mtkvari, katika jimbo la Shida Kartli nchini Georgia. Gori, makao makuu ya jimbo hilo, uko kilomita 10 hivi upande wa magharibi, na mji mkuu, Tbilisi, uko upande wa mashariki, mwendo wa saa moja na ushei kwa gari. Kwa ukaribu huo sehemu hizi mbili zimekuwa safari moja ya siku: wageni hutoka Tbilisi asubuhi, wakaonyeshwa Gori nyumba alimozaliwa Stalin, wakapandishwa mwambani kutazama mapango, na jioni wakarudishwa walikotoka. Zaidi ya ujirani, miji hii inashiriki msiba mmoja. Kila mmoja umetundikwa jina la mtu mkubwa, na jina hilo limefunika historia ya mahali penyewe. Mwambani jina hilo ni la Malkia Tamar. Gori ni la Stalin.

Makazi ya Uplistsikhe yalianza mwishoni mwa zama za shaba na mwanzoni mwa zama za chuma, takriban miaka 1000 kabla ya Kristo. Mwandishi wa tarehe Leonti Mroveli, wa karne ya 11, alimtaja mwanzilishi kuwa ni Uplos, mwana wa Mtskhetos, wa ukoo ambao wanatarehe wa Georgia waliupandisha hadi kwa Nuhu. Aliitaja Uplistsikhe pia miongoni mwa ngome ambazo Aleksanda Mkuu alizikuta alipofika Kartli, nchi ya Georgia ya mashariki. Madai yote mawili hayasimami. Aleksanda hakukanyaga Kartli. Majeshi yake yalipita mbali, kusini, kuelekea Uajemi. Naye Uplos ni babu aliyebuniwa ili mji upate mzazi. Kinachobaki katika maelezo ya Mroveli ni ushahidi wa namna nyingine: kufikia zama zake, mji ulikuwa mkongwe kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka ulivyoanza.

Magofu yanayoonekana leo yameenea katika eneo la hekta 8 hivi na hugawanywa sehemu tatu: ya kusini, ya kati na ya kaskazini. Sehemu ya kati ndiyo kubwa, na ndiyo yenye kumbi na mahekalu mengi. Njia kuu hupanda kutoka chini, na vichochoro na ngazi za mawe huchepuka kutoka humo kwenda vyumbani. Mifereji ya kuongoza maji ya mvua imechimbwa katika sakafu ya mwamba, na handaki la siri huteremka hadi upande wa mto, ambako wenyeji waliweza kuteka maji au kutoroka mji ulipozingirwa. Lipo pia shinikizo la zabibu lililochongwa mwambani, kwa kuwa Kartli ni nchi ya mvinyo tangu kale.

Wageni wengi hufika wakitarajia makao ya watu wa porini waliojificha katika matundu ya mlima. Ukumbi mkubwa kuliko zote unatosha kuwasahihisha. Dari yake imechongwa boriti zilizolala sambamba na kukaa juu ya mihimili minene zaidi, kwa mpangilio uleule wa paa la nyumba ya miti. Boriti hizo hazibebi kitu. Ni jiwe lilelile la mwamba ulio juu yake. Fundi alianza na mwamba mzima akaondoa asichokitaka, na patasi ikikosea hapakuwa na dawa, maana jiwe likishatoka halirudi. Hata hivyo hakuchonga umbo lililokuwa rahisi kwake. Alijitaabisha kuiga nyumba ambayo yeye na bwana wake waliijua, yenye miti, mihimili na kipaa. Waliochonga Uplistsikhe walikuwa wajenzi, wenye mila ya ujenzi iliyokwisha komaa kabla hawajaugusa mwamba. Pango kwao lilikuwa jengo.

Ukumbi huo ndio unaoitwa Ukumbi wa Tamar. Malkia Tamar alitawala Georgia kuanzia mwaka 1184 hadi 1213, katika kilele cha ufalme huo, na hakuna jina linalopendwa zaidi katika historia ya nchi. Lakini mtindo wa ukumbi ni wa zama za kabla ya Ukristo, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya malkia kuzaliwa. Isitoshe, baba wa babu yake, Davit wa Nne, aliitwaa Tbilisi mwaka 1122 na kuifanya mji mkuu, kwa hiyo zama za Tamar makao ya ufalme yalikuwa Tbilisi, si mwambani. Waongoza watalii husema jina ni la heshima tu, kisha huendelea kusimulia kana kwamba malkia alikaa humo. Hasara yake si ndogo. Mgeni huondoka akimkumbuka malkia wa karne ya 12, na wale waliochonga dari wakiabudu miungu yao ya kale hawatajwi.

Mtindo huohuo wa kubandika majina umeenea mji mzima. Chumba kilichofunguka upande wa mto, chenye tao pana na dari iliyopambwa kwa visanduku vya pembe nane kwa namna ya Kirumi, huitwa ukumbi wa tamthilia, na wageni huelezwa kuwa michezo iliigizwa humo. Chumba hicho ni cha karne za mwanzo baada ya Kristo, na wanaakiolojia wengi hukiona kuwa hekalu. Tao lake linafaa ibada kama linavyofaa jukwaa. Chumba kingine, chenye vishubaka vidogo vilivyopangwa ukutani safu juu ya safu, huitwa duka la dawa. Mashimo ya duara yaliyochimbwa sakafuni huelezwa kuwa ya kuchinjia kafara. Huenda mengine yalitumika hivyo, lakini mji wenye nafaka na mvinyo huhitaji mashimo ya kuhifadhia pia, na si kila shimo lilipata damu.

Dai linalorudiwa kuliko yote ni la idadi ya watu: kwamba katika kilele chake mji ulikuwa na wakazi 20,000. Hesabu yenyewe inalikataa, angalau kwa mwamba unaoonyeshwa leo. Hekta 8 ni mita za mraba 80,000. Watu 20,000 wangepata mita za mraba 4 kila mmoja, humo humo zikiwemo njia, mifereji, mahekalu, kumbi na kuta nene za mwamba usiochongwa. Idadi hiyo ingeaminika tu kwa kuhesabu vitongoji vya chini, vilivyojengwa kwa mbao na udongo na ambavyo havikuacha alama za kumvutia mtalii. Hapo sura ya mji inabadilika. Mwamba unakuwa moyo wa ibada na utawala, na umma wa watu, wakulima, wafinyanzi na wachuuzi, wanakuwa nje ya picha zinazopigwa siku hizi.

Kartli ilipoingia Ukristo katika karne ya 4, Uplistsikhe, iliyokuwa kitovu cha dini ya kale, ilipoteza cheo chake mbele ya Mtskheta, mji mkuu wa wakati huo. Mji haukufa. Kanisa lenye sehemu tatu lilichongwa ndani ya mwamba, na baadaye, katika karne ya 9 au ya 10, kanisa jingine la aina hiyo likajengwa kileleni kwa mawe na matofali. Kanisa hilo la kileleni bado limesimama, na wekundu wa matofali yake ndio alama ya kwanza inayoonekana kwa anayekuja kutoka mtoni.

Zama za heshima ya pili zilianza Tbilisi ilipokuwa mikononi mwa amiri wa Kiarabu. Watawala wa Kartli walikosa mji mkuu, na ngome ya mwambani ikachukua nafasi hiyo. Kuanzia hapo aliyeishika Uplistsikhe alihesabiwa kuwa ameishika Kartli, na watawala wa nchi jirani waliigombea kwa nguvu. Katikati ya miaka ya 970 liwali wa Kartli, Ioane Marushisdze, alimwita Davit, mtawala wa nchi ya Tao, aje kuitwaa Kartli. Davit alikuja, akaitwaa, kisha akampa kijana aliyemlea kama mwanawe, Bagrat. Kijana huyo akawa mfalme wa Abkhazia mwaka 978, na mwaka 1008 akaunganisha falme za Georgia chini ya taji moja. Huu ndio mchango mkubwa wa Uplistsikhe katika historia ya nchi: ngazi ya kwanza ya umoja wa Georgia iliwekwa kwenye mwamba huu. Ajabu ni kwamba hakuna ukumbi ulioitwa kwa jina la Bagrat.

Tbilisi ilipokombolewa, mwamba ulikosa kazi. Wamongoli waliuharibu mji, na kufikia karne ya 14 wakazi walikuwa wameuhama. Baada ya hapo ulikuwa kimbilio la muda tu wakati wa uvamizi. Udongo na mchanga vilijaza vyumba. Tarehe 20 Februari 1920 tetemeko la ardhi lililobomoa sehemu kubwa ya Gori liliangusha pia baadhi ya kuta na dari zilizokuwa zimedumu kwa karne nyingi. Uchimbaji wa kiakiolojia ulianza mwaka 1957, chini ya dola ya Kisovieti. Vyumba vilifukuliwa na vyombo vya udongo, shaba, fedha na dhahabu vikapelekwa Tbilisi, vinakohifadhiwa hadi leo.

Mwaka huohuo wa 1957, kilomita 10 kutoka hapo, jumba la makumbusho la Stalin lilifunguliwa Gori. Ioseb Jughashvili, aliyekuja kujiita Stalin, alizaliwa katika mji huo Desemba 1878. Kitabu cha kanisa kinaonyesha mwaka huo, ingawa serikali yake ilitangaza 1879. Baba yake, Besarion, alikuwa mshona viatu. Mama yake, Ekaterine, alikuwa amezika watoto wawili kabla yake. Familia ilipanga chumba kimoja katika nyumba ndogo yenye vyumba viwili, mwenye nyumba akiishi katika kile kingine, na karakana ya viatu ikiwa chini. Kijana alisoma shule ya kanisa hapohapo Gori, akaenda seminari ya Tbilisi mwaka 1894, akaiacha mwaka 1899.

Nyumba hiyo ilikuwa moja katika safu ya nyumba zinazofanana. Ilipogeuzwa makumbusho katika miaka ya 1930, zile za majirani zilibomolewa. Hii iliyobaki ikajengewa banda kubwa lenye nguzo nzito, mfano wa hekalu la Kiyunani, likaikinga mvua na jua. Ili kumtukuza mtoto wa mtaa maskini, mtaa wenyewe ulifutwa. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1937, mwaka ambao mshairi Titsian Tabidze na maelfu ya Wageorgia wengine waliuawa katika misako ya Stalin.

Jumba kubwa la nyuma yake lilichorwa na msanifu Archil Kurdiani na lilianza kujengwa mwaka 1951, Stalin akiwa hai. Lilipofunguliwa, alikuwa amekwisha kufa mwaka 1953 na kulaaniwa na mrithi wake, Khrushchev, mwaka 1956, na makumi ya watu walikuwa wameuawa Tbilisi Machi 1956 walipoandamana kumtetea. Kumbi zake zinafuata maisha yake kutoka utotoni hadi kinyago cha uso wake baada ya kufa, kilicholazwa peke yake katika chumba chenye mwanga hafifu. Nje limesimama behewa lake la kivita, zito la tani 83, alilolitumia kuanzia mwaka 1941 na kwenda nalo Yalta. Makaratasi, picha na zawadi za mataifa vimejaa tele. Habari za waliouawa zimetengewa vyumba vidogo kando ya ngazi, navyo viliongezwa baada ya Dola ya Kisovieti kuanguka. Mgeni asiyeambiwa huvipita bila kuviona.

Jumba hilo lilifungwa mwaka 1989, kisha likafunguliwa tena. Agosti 2008 Gori ilipigwa mabomu na Urusi, raia wakauawa, na majeshi ya Urusi yakaukalia mji kwa siku kadhaa. Serikali ya Georgia ilitangaza kwamba jumba litageuzwa makumbusho ya uvamizi wa Urusi, lakini Desemba 2012 baraza la mji likaupinga mpango huo, na kumbi zikabaki kama zilivyokuwa. Sanamu ya Stalin yenye urefu wa mita 6, iliyosimama katika uwanja wa mji tangu 1952, iling'olewa usiku mmoja wa Juni 2010.

Uplistsikhe iliingizwa mwaka 2007 katika orodha ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia chini ya UNESCO. Adui yake mkubwa sasa ni hali ya hewa. Jiwe la mchanga lililofukuliwa na kuachwa wazi hunywa maji, huganda wakati wa baridi, hupasuka na kumeguka, na kila msimu michongo ya dari inazidi kufifia. Kazi za kuimarisha mwamba zimefanyika kwa vipindi tangu miaka ya 2000, sehemu moja baada ya nyingine, kadiri fedha zilivyopatikana. Chumba kimoja cha kupanga cha mshona viatu kimekingwa kwa nguzo za mawe kwa zaidi ya miaka 80. Sehemu kubwa ya mji wa miaka elfu tatu ingali inanyeshewa.