Subaru Ilishinda Mbio, Probox Ikabeba Nchi

Wadau, leo tupime magari mawili: Subaru Impreza ya miaka ya tisini na Toyota Probox. Swali si lipi linakimbia, manake hilo hata mtoto anajua. Swali ni lipi limeibadilisha Kenya zaidi. Najua wengi mshajibu Subaru. Ngojeni kidogo.

Subaru tuipe haki yake kwanza. Safari Rally ilianza 1953, enzi za mkoloni, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Impreza ikaja na injini ya lita 2, turbo, na magurudumu yote manne yakivuta. Mwaka 1994 Mkenya Patrick Njiru akamaliza wa nne nayo. Mwaka 1997 Colin McRae akashinda, na 2000 Richard Burns akashinda tena. Ndo maana mpaka leo kijana akishika pesa kidogo, ndoto yake ni Subaru yenye mngurumo.

Sasa njooni 2002. Mwaka huo Safari ilikuwa kwenye ubingwa wa dunia kwa mara ya mwisho, ikatolewa mpaka iliporudi 2021 kule Naivasha. Na mwaka huo huo, Toyota wakaanza kuuza Probox kule Japani. Injini ya lita 1.3 au 1.5, umbo la sanduku, gari la kubebea mizigo ya kazini. Nani alipiga makofi? Hakuna.

Lakini ilipoingia Kenya kama mtumba, ikabeba miraa ya Meru, mboga za soko, na abiria wa vijijini ambako matatu haziendi. Tusiipambe pia: ikijazwa watu kama magunia, inaua. Ila jiulize, mbona watu wanakubali kubanana hivyo? Kwa sababu hakuna kingine kilichokuja kuwachukua. Hiyo nayo ni historia.

Sisi wa Pate tunalielewa jambo hili hata bila gari. Historia yetu ikisimuliwa ni Wanabahani, ni vita vya Shela vya karibu 1812, nani kamshinda nani. Mtepe hutajwa kwa kupita tu. Na mtepe ndio uliobeba boriti na bidhaa za pwani hii: chombo kilichoshonwa kwa kamba bila misumari, tanga lake mkeka. Masultani tunawataja kwa majina. Mafundi walioshona mitepe je?

Msidhani haya ni maneno ya barazani tu. Ukiandika historia ya washindi peke yao, hata pesa za nchi zitafuata washindi. Mama wa Kizingitini akipewa rufaa ya Amu usiku, hana haja na chombo chenye sifa. Anataka boti ipo, mafuta yapo, na nauli anaiweza. Basi.

Kwa hiyo kura yangu ni Probox. Subaru tuitundike picha ukutani, inastahili wallahi. Lakini nyumbani kwenu kama kuna babu aliyekuwa nahodha, au mzee aliyebeba watu na mizigo maisha yake yote, toa simu umrekodi leo. Muulize alibeba nini, akampeleka nani, wapi. Asiondoke na historia yetu kifuani.