Lori la majani chai na lori la taka: hesabu ni moja

Leo tuweke kando kuandika programu, tuzungumze historia kidogo.

Mwaka 1959 George Dantzig na John Ramser waliandika kuhusu malori ya petroli: yatoke ghala moja, yazungukie vituo vingi, kwa kilomita chache kadiri inavyowezekana. Mwaka 1964 Clarke na Wright wa Uingereza wakaleta njia nyepesi, ambayo hata leo naipenda kuliko nyingi zilizofuata. Anza kwa kukipa kila kituo lori lake. Kisha uliza: nikiunganisha viwili katika safari moja, naokoa kilomita ngapi? Tuseme malori yanatoka mjini Kericho. Litein na Kapkatet ziko barabara moja ya kwenda Sotik, kwa hivyo ukiziunganisha unaokoa safari nzima ya Litein, kwenda na kurudi. Litein na Londiani je? Huokoi kitu, kila moja iko upande wake. Siri yote ndiyo hiyo!

Taka ziliingia katika hesabu hii mwaka 1974, Beltrami na Bodin walipopanga malori ya New York. Kichwa kiliwauma kwa ratiba: mahali pengine pazolewe mara tatu kwa wiki, pengine mara sita.

Sasa turudi kwenye chai. Mwaka uleule wa 1964 Kenya iliunda KTDA (tangu 2000 si mamlaka ya serikali tena, ni kampuni). Malori ya majani huzungukia vituo vya kununulia kote Kericho na Bomet, na kwenye kituo kuna karani na mizani. Kilo za kila mkulima huandikwa, maana ni pesa yake. Takwimu hizo ndizo chakula cha programu.

Taka nani azipime? Hakuna anayelipwa kwa kilo za ganda la ndizi. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kazi ya kuzoa taka, nazo kaunti zikaanza mwaka 2013. Kisha sheria ya 2022 ikataka zinazooza zitengwe na zisizooza. Kwa mpangaji wa safari, kila kituo kimekuwa viwili. Bila kilo, programu itakuchorea ramani nzuri sana, na lori litajaa kabla halijafika sokoni.

Ningepewa bajeti, ningenunua kwanza mizani ya malori, niiweke langoni mwa dampo, kilo ziandikwe kwa siku na kwa lori. Kwa kazi inayobaki, hii kompyuta yangu kuukuu inatosha.