Kilimohai: nani ana haki ya kuandika neno hilo kwenye lebo?

Maneno kama "asilia", "safi" na "bila kemikali" huonekana mara nyingi kwenye vifungashio vya asali, unga na viungo katika masoko ya Afrika Mashariki. Hata hivyo, hakuna hata moja kati ya hayo lenye maana sawa na "kilimohai", neno linalobeba masharti yanayopaswa kuthibitishwa shambani.

Masharti hayo yamo katika kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kiitwacho EAS 456:2007, kilichozinduliwa Dar es Salaam mwaka 2007 pamoja na nembo ya Kilimohai. Kiwango hicho kinakataza viuatilifu na mbolea za viwandani, mbegu zilizobadilishwa vinasaba, na matumizi ya mionzi katika kuhifadhi chakula. Kina masharti pia kwa msindikaji na mfungashaji, ili mazao hayo yasichanganywe na mengine njiani.

Kwa mkulima mdogo, kikwazo kikubwa si kanuni zenyewe bali gharama ya kuthibitisha kwamba amezifuata. Kwa soko la ndani na la kanda, upo mfumo shirikishi wa uhakiki: wakulima wa kikundi kimoja hukaguana mashamba, hutunza kumbukumbu, na huwashirikisha wanunuzi. Kikundi kilichokidhi vigezo huruhusiwa kutumia nembo ya Kilimohai.

Uhakiki huo hautoshi kwa mkulima anayelenga soko la Umoja wa Ulaya, kama walivyo wengi wanaolima kakao wilayani Kyela, Tanzania, au kahawa nchini Uganda. Huko hutakiwa cheti kutoka taasisi huru ya ukaguzi. Chini ya kanuni namba 2018/848, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, bidhaa iliyosindikwa huitwa ya kilimohai iwapo angalau asilimia 95 ya viambato vyake vya kilimo, kwa uzito, vimetokana na kilimo hicho. Lebo lazima ioneshe namba ya taasisi iliyokagua.

Kanuni hiyo inaruhusu wakulima wadogo kupata cheti kwa pamoja, lakini kikundi kisizidi wanachama 2,000 na kiwe kimesajiliwa kisheria. Vyama vikubwa vimelazimika kujigawa, na kila kikundi kipya kinahitaji uongozi na mfumo wake wa ukaguzi wa ndani.

Gharama nyingine ni muda. Mazao ya kudumu kama kahawa na kakao huhitaji miaka 3 ya mpito kabla ya mavuno ya kwanza kuitwa ya kilimohai. Katika kipindi hicho mkulima hufuata masharti yote pasipo kupata bei ya nyongeza.

Kwa sababu hiyo, anayebandika lebo hiyo bila uhakiki humdanganya mlaji na papo hapo humpora mkulima malipo ya subira yake. Mnunuzi aangalie mambo mawili: nembo inayotambulika, na jina au namba ya aliyehakiki.