Epijenetiki na Saratani ya Umio: Herufi Zilezile, Usomaji Mwingine

Mgonjwa wa saratani ya umio akiambiwa kwamba ugonjwa wake umeletwa na "mabadiliko ya vinasaba", jambo la kwanza linalomjia ni watoto wake. Hofu yake ina msingi. Neno vinasaba limetokana na nasaba, na nasaba ni ukoo, ni kile ambacho mtu hupokea kwa wazazi na kuwaachia wanawe. Kumbe daktari alikusudia jambo jingine: mabadiliko yaliyotokea ukubwani, ndani ya seli za umio wake yeye, na ambayo kwa kawaida hayavuki kwenda kwa mtoto. Tena liko fungu la mabadiliko hayo ambalo halikugusa hata herufi moja ya DNA. Fungu hilo ndilo linaloitwa la epijenetiki, na Kiswahili chetu bado hakijalipa nafasi yake.

Istilahi yenyewe ilibuniwa mwaka 1942 na mwanabiolojia Mwingereza Conrad Waddington, miaka 11 kabla umbo la DNA halijafumbuliwa. Alikuwa akitafuta jina la elimu ya namna jeni zinavyoshirikiana kumjenga kiumbe tangu yai hadi mwili kamili. Baadaye maana ilisogea. Leo epijenetiki ni elimu ya mabadiliko katika utendaji wa jeni ambayo seli huzirithisha seli mpya inapogawanyika, huku mpangilio wa herufi za DNA ukibaki ulivyo.

Aliyesoma chuoni pwani, au aliyewahi kushika hati ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, analo tayari la kumsaidia kuelewa. Katika maandishi yale herufi ni moja, lakini irabu iliyowekwa juu au chini yake ndiyo inayoamua itamkweje. Ikiwekwa sukuni, herufi ipo pale pale ila haina sauti ya irabu. Hakuna aliyefuta wino wala kubadilisha herufi, na bado msomaji anasoma kitu kingine.

Ndani ya seli nako zipo alama za namna hiyo, na iliyochunguzwa zaidi ni kundi la methili: atomu moja ya kaboni na tatu za haidrojeni. Vimeng'enya maalumu hulipachika kwenye sitosini, yaani herufi C, hasa pale inapofuatiwa na G. Mwanzoni mwa jeni nyingi C na G hizo zimesongamana, na kwa kawaida mahali hapo huachwa bila methili ili jeni isomeke. Methili zikijaa hapo, jeni hunyamaza. Kunyamaza huko si ugonjwa. Seli ya ini na seli ya umio zina DNA ileile, na zinatofautiana kwa sababu kila moja imenyamazishiwa jeni zake. Seli inapogawanyika, kimeng'enya kinachoitwa DNMT1 hunakili alama hizo kwenye uzi mpya wa DNA, na ndiyo maana seli ya umio huzaa seli ya umio.

Katika saratani utaratibu huu huharibika pande mbili kwa pamoja. Mwaka 1983 Andrew Feinberg na Bert Vogelstein wa Marekani walionyesha kwamba DNA ya uvimbe wa saratani imepungukiwa na methili ikilinganishwa na ya tishu nzima. Uchunguzi uliofuata ukaonyesha upande wa pili: ingawa methili zimepungua kwa jumla, zimerundikana mwanzoni mwa baadhi ya jeni ambazo kazi yake ni kuukinga mwili. Kwenye umio, mfano unaotajwa sana ni jeni ya CDKN2A, inayotengeneza protini ya p16, ambayo huzuia seli kugawanyika ovyo. Ikinyamazishwa, kizuizi kinaondoka, na seli zinazozaliwa zinanakiliwa ukimya uleule. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliochunguza methili katika uvimbe wa umio kutoka nchi 9 zenye wagonjwa wengi, za Afrika, Asia na Amerika Kusini. Miongoni mwa jeni zilizokutwa zimerundikiwa methili ni PAX9, ambayo inahitajika ili seli za ukuta wa umio zikomae inavyopaswa.

Linganisha na TP53, jeni nyingine inayoharibika mara nyingi katika saratani hiyo. Huko herufi zenyewe zimebadilika. Mabadiliko haya ya TP53 nayo kwa kawaida hayarithiwi, lakini ni ya aina nyingine: herufi iliyobadilika haina njia rahisi ya kurudi ilivyokuwa, ilhali methili iliyopachikwa inaweza kubanduliwa.

Kwetu habari hii si ya mbali. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, ukipita Kenya, Tanzania na Malawi, una saratani nyingi ya umio, na karibu yote ni ile ya seli bapa. Ulaya na Amerika Kaskazini wao wameshuhudia ongezeko la ile ya seli za tezi. Tumbaku na pombe ni visababishi vinavyojulikana. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 za Selsiasi katika kundi la vitu ambavyo huenda husababisha saratani, na chai inayonywewa Kilimanjaro, Tanzania, na Bomet, Kenya, imepimwa ikakutwa na joto linalopita kiwango hicho. Ukuta wa umio unaojeruhiwa kila siku huwaka, hujikarabati na kuzalisha seli mpya bila kupumzika, na uwakaji wa muda mrefu ni miongoni mwa mambo yanayovuruga upachikaji wa methili. Kuhusu moshi wa sigara tunajua zaidi: huacha alama za methili zinazopimika katika damu, na nyingi hufifia taratibu mtu akiacha kuvuta. (Na tuseme umio, tusiseme koo. Mabango mengi yanaandika "saratani ya koo", na koo ni mahali pengine.)

Sasa elimu hii ya epijenetiki tuiiteje kwa Kiswahili? Wapo wanaopendelea kufasiri moja kwa moja, kwa kuwa epi ya Kigiriki ni "juu ya". Lakini katika Kiswahili "elimu juu ya jeni" ni elimu kuhusu jeni, yaani jenetiki yenyewe, na tofauti tuliyoitafuta imepotea. Kwa hiyo nashikilia epijenetiki, ambalo linakaa vizuri kando ya jenetiki na fonetiki. Kinachopachikwa kiitwe alama za epijenetiki. Tendo lenyewe darasani liwe umethilishaji, na mbele ya mgonjwa iwe tu "methili zimepachikwa kwenye jeni". Herufi zikibadilika, tuseme badiliko la mpangilio wa DNA.

Tofauti hii kati ya alama na herufi ina uzito hospitalini. Dawa ya azasitidini, inayopunguza methili, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa kundi la maradhi ya uboho. Kwa saratani ya umio bado si tiba ya kawaida. Upimaji umesonga mbele zaidi: Marekani kipo kipimo ambacho mtu humeza kidonge chenye puto dogo, puto likivutwa linakuja na seli za umio, kisha methili kwenye jeni mbili, VIM na CCNA1, hupimwa. Kinatafuta hali inayotangulia saratani ya seli za tezi, siyo ya seli bapa iliyo nyingi kwetu. Kipimo cha aina hiyo kwa seli bapa kikifika Bomet au Moshi, muuguzi atatakiwa kueleza majibu yake kwa Kiswahili, kwa mtu ambaye tayari ana hofu.

Basi wahariri wa kamusi na vitabu vya biolojia, BAKITA na TATAKI za Tanzania na wenzao wa Kenya, waziingize istilahi mbili, alama za epijenetiki na badiliko la mpangilio wa DNA, kila moja kwa maelezo yake. Na "mabadiliko ya vinasaba" lisitumike tena kuzifunika zote mbili kwenye karatasi anayopewa mgonjwa.