Kuchagua sakoshi ya kamera kwa safari na matembezi ya familia

Huku mashariki, mtu akienda kununua kamera anabishana bei ya kamera tu. Sakoshi inakuja mwisho, mara nyingi muuzaji anaitoa kama matabishi. Ni ya kitambaa chepesi, na jina la kampuni limeandikwa juu yake kwa herufi kubwa. Sakoshi ya namna hiyo haizuie maji, tena inamwambia kila mtu njiani kitu kilicho ndani. Kwa mpiga picha wa ndoa na komunyo, ndani mwake kuna minerval ya watoto. Kwa familia, kuna picha za koko ambaye pengine mwaka ujao hatakuwepo.

Watu wengi wanaogopa kamera ianguke. Kweli inaanguka, lakini adui mkubwa wa hapa kwetu ni maji na unyevu. Tuchukue njia ya Bukavu kwenda Uvira. Bukavu iko karibu metre 1,500 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi kuna baridi. Uvira, kando ya Tanganyika, iko karibu metre 800, na joto lake linajulikana. Kamera iliyobaki baridi ikitolewa ghafla kwenye hewa ya joto yenye unyevu, vioo vyake vinajaa jasho, na maji hayo yanaweza kuingia mpaka ndani. Dawa yake haina bei: kamera ibaki ndani ya sakoshi iliyofungwa karibu nusu saa au saa moja, ipate joto polepole. Ndiyo maana sakoshi yenye sponji nene na zipu nzima ina faida hata siku isiyo na mvua.

Sakado nyingi zina kikoti cha mvua kilichofichwa chini. Kinasaidia, ila kinafunika upande wa mbele tu. Upande wa mgongo unabaki wazi. Ukiiweka chini ndani ya mtumbwi wa kwenda Idjwi, maji yanapanda kutoka chini, na kikoti kinayakusanya kama beseni. Kwenye ziwa, afazali kamera iingie kwanza ndani ya sashe ngumu ya plastiki iliyofungwa vizuri, kisha ndani ya sakoshi, na sakoshi ikae juu ya magoti.

Kwenye moto, sakado inafaa kuliko sakoshi ya bega, maana ya bega inayumba na kupiga kwenye bomba la moshi. Lakini mukibebwa wawili, sakado ya mgongoni inabanwa, au inafunguliwa bila wewe kusikia. Iwekwe kifuani, kati ya abiria na motari. Kuna sakado ambazo zipu yake inafunguka upande wa mgongo wa mwenye kuibeba. Sokoni, kwenye msongamano, hizo ni nzuri sana. Vumbi nalo lisisahauliwe: lile la mawe ya volkano ya Goma linakwaruza kioo ukilipangusa kikavu. Lipulizwe kwanza.

Kwa matembezi ya familia, mambo yanageuka. Mama aliyebeba mtoto mgongoni kwa kitenge hawezi kuvaa sakado, kwa hiyo sakado kubwa inaishia kwa mtoto mkubwa, ambaye atacheza nayo mpira. Hapo inafaa sakoshi ndogo ya kupitisha mkanda begani mpaka upande wa pili, inayobeba kamera moja, lenzi moja na bateri ya pili. Chakula na chupa za maji viende kwenye mfuko mwingine. Chupa moja ya juisi isiyofungwa vizuri inaharibu kamera haraka kuliko mvua ya Aprili.

Asiye na dola za kununua sakoshi maalum hajakosa njia. Sakado ya shule ya okazo, kutoka Kadutu au soko la Virunga, inatosha kama mishono ya mikanda ni mizima. Fundi cherehani anakata vipande vya sponji ya godoro, anavifunika kwa kitambaa laini, na kushona vyumba kwa kipimo cha kamera yenyewe. Wezi hawaitazami mara mbili. Pengine hiyo inashinda nyingi za dukani.

Jambo moja linaloleta ubishi: je, sakoshi iwe na kufuli? Kwenye barrière, askari akiomba kuona vitu, sakoshi isiyofunguka haraka inaongeza mashaka. Afazali ifunguke kwa mkono mmoja, na kamera ibaki imezimwa ndani. Kupiga picha za askari, vizuizi, mipaka, madaraja au kiwanja cha ndege kunaweza kuleta matatizo makubwa, hata kama ni mtoto alibonyeza. Anayepanda ndege aweke bateri za akiba kwenye mzigo wa mkononi, kila moja ikiwa imefunikwa sehemu za chuma. Haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini.

Na nyumbani, kamera isilale ndani ya sakoshi miezi mizima. Giza na unyevu vinaotesha ukungu ndani ya lenzi, nyuzi ndogo kama za buibui, na kuzitoa ni kazi ya fundi, tena ya bei. Kamera itolewe ipate hewa. Sakoshi iliyolowa ianikwe wazi, mifuko yote imefunguliwa. Vile vipakiti vidogo vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya visitupwe: viwili au vitatu ndani ya sakoshi vinasaidia, mradi vibadilishwe vikisha kushiba maji.