Kabati Lenye Miguu Majini

Wanaoandika habari za Tanga hawaachi kutaja nyuki wa Novemba 1914, waliowashambulia askari wa Uingereza waliotoka India walipokuja kuuteka mji. Waacheni na nyuki wao. Mdudu aliyenilisha mimi ni sisimizi. Mjomba wangu alikuwa seremala Ngamiani, kazi yake kubwa makabati ya chakula, nami nikarithi randa yake na wateja wake.

Vijana wa leo hawalijui kabati hilo. Lilikuwa la mvule, milango miwili ya wavu mwembamba wa chuma, rafu mbili au tatu ndani, na miguu mirefu isiyo na urembo wowote. Wavu ulikuwa wa nzi na paka. Miguu ilikuwa ya sisimizi: kila mguu ulisimama ndani ya kopo la maji.

Bibi zetu hawakuwa na kabati. Walikuwa na susu, ule wavu wa kamba unaoning'inizwa kwenye boriti na chungu cha mchuzi ndani yake, na kawa la ukindu la kufunikia sahani. Kawa halimzuii sisimizi. Hupita chini ya ukingo bila hodi. Susu ilifaa zaidi, ila kamba nayo ni njia, kwa hiyo nyumbani kwetu ilipakwa mafuta ya taa pale juu ilipofungwa.

Neno "njia" ndilo mjomba alilokuwa akilirudia. Sisimizi hawaingii nyumbani kwa kundi. Hutangulia mmoja, anazurura tu. Akikuta punje ya sukari, tone la samli, mwiba wa samaki au hata unyevunyevu wakati wa kiangazi, hurudi kwao akiacha harufu chini, na wenzake huifuata. Huko Geneva katika karne ya 18, Charles Bonnet alipitisha kidole juu ya mstari wao, wakavurugika kama watu waliopotewa na barabara. Mwaka 1959 Mmarekani Edward O. Wilson akaonyesha tezi inayotoa harufu hiyo katika aina moja ya sisimizi wakali. Mjomba hakuwasoma hao wawili, lakini kabla ya kumpelekea mteja kabati alimwambia mama mwenye nyumba afute kwanza ule mstari ukutani kwa maji ya sabuni. Ukiwaua waliopo na kuiacha njia, alisema, umewapunguzia msongamano tu.

Kulitega kabati kulitaka akili. Lisiguse ukuta, tuliacha nafasi ya shubiri moja nyuma. Ufagio ukiegemezwa hapo, au pindo la kitambaa likaning'inia hadi sakafuni, kazi yote imeharibika. Ncha za miguu tulizipaka lami ili mti usioze. Maji nayo yalikuwa na hila zake: yakikaa siku chache hufanya utando wa vumbi, na sisimizi ni mwepesi, hutembea juu ya utando huo kama yuko barazani.

Kisha kulikuwa na bwana afya. Yeye alikuwa akitafuta viluwiluwi vya mbu, na kopo la maji tulivu chini ya kabati ni mahali ambapo Aedes, mbu anayeeneza homa ya dengi, hupapenda sana. Wenye nyumba walikemewa. Dawa ya yote mawili ikawa ileile: mafuta ya taa kidogo juu ya maji. Kiluwiluwi hukosa pumzi, na sisimizi hageuzi tena vumbi kuwa daraja.

Siafu ni habari nyingine, wala hakuna seremala anayeweza kujisifu mbele yao. Wajerumani waliofungua kituo cha utafiti Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902, waliwakuta mlimani. Mtaalamu wao wa wadudu, Julius Vosseler, aliwaandikia makala nzima mwaka 1905. Wenyeji walikuwa na desturi yao: siafu wakiingia usiku, beba mtoto, fungulia mbuzi na kuku, toka. Wakiondoka, mende, kunguni na vitoto vya panya wamekwisha. Majivu ya moto huwageuza njia kidogo, lakini mwenye busara huwaachia nyumba.

Amani hiyohiyo, miaka ya 1950, ilikuwa taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki, na nyumba za Pare na Taveta zikapuliziwa dieldrin kupambana na mbu. Dunia nzima ilikuwa imelewa sumu: Paul Müller alikuwa amegundua nguvu ya DDT mwaka 1939 na kupewa Nobel mwaka 1948. Watu wakazoea kwamba mdudu ni wa kunyunyiziwa, si wa kuzibiwa njia. Baadaye likaja friji, na makabati yetu yakageuka mabanda ya kuku. Mwaka 2001, kwa mkataba wa Stockholm, dieldrin ikapigwa marufuku na DDT ikabanwa.

Kwa maoni yangu tumerudi nyuma. Sasa machinga wanauza chaki ya kuulia mende na sisimizi. Mtu huchora mstari mlangoni akalala usingizi. Ni sumu yenye sura ya chaki ya shule, na mtoto hajui tofauti. Na si kila mdudu wa jamii hii ni adui. Katika minazi ya Zanzibar, miaka ya 1950, M. J. Way alionyesha kwamba majimoto hulinda nazi changa dhidi ya kunguni anayezidondosha, na kwamba anayemfukuza majimoto mnazini ni yule sisimizi mdogo wa kahawia mwenye kichwa kikubwa, ambaye jikoni pia tunamjua sana.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujanunua chaki, fuata mstari mpaka tundu unalotokea. Ufute kwa sabuni, ziba tundu kwa saruji, sukari itie kwenye chombo chenye kifuniko cha kubana, na sufuria ya ubwabwa usiilaze bila kuoshwa. Waya wa friji nao uangalie. Huo ndio mguu wa siku hizi usio na kopo.