Mikono Iliyofichwa Nyuma ya Betty Crocker

Anayetaka kumbuni mhusika ambaye kazi yake ni kupamba chakula ili kipigwe picha, na aanzie Marekani, kwa kuwa ndugu wa mhusika huyo alikwisha kubuniwa huko, tena na kampuni ya unga wa ngano. Mwaka 1921 kampuni ya Washburn-Crosby ya Minneapolis ilitoa tangazo lenye chemshabongo, na waliopatia walizawadiwa kimto cha pini chenye umbo la mfuko wa unga. Majibu yalimiminika kwa maelfu, na pamoja nayo maswali ya jikoni. Wanaume wa idara ya matangazo waliona maswali hayo yajibiwe kwa jina la kike, wakambuni Betty Crocker, jina la ukoo likiwa la mkurugenzi wao mstaafu. Mwaka 1924 Betty alipewa sauti redioni. Mwaka 1936 akapewa sura, kwa mkono wa mchoraji Neysa McMein. Kufikia 1945 jarida la Fortune lilimweka wa pili kwa umaarufu kati ya wanawake wa Marekani, nyuma ya Eleanor Roosevelt.

Dai langu ni kwamba umaarufu huo uliwafunika wenye kazi. Waliopima unga, waliorudia keki hadi ikakubali, waliojibu barua na kuandaa vyakula vya kupigwa picha, walikuwa wanawake wengi waliosomea sayansi kimu, wakiongozwa kwa miaka mingi na Marjorie Husted. Kitabu kikubwa cha mapishi chenye picha kilipotoka mwaka 1950, jina la jaladani lilikuwa la Betty. Wapo watakaosema Betty ndiye aliyewafungulia wanawake hao mlango wa ajira. Ni kweli kwamba ajira waliipata, na katika zama zile haikuwa jambo dogo. Lakini kampuni iliwahitaji kwa ujuzi wao, na ujuzi ule usingepungua thamani hata kama kila mmoja angeandikwa kwa jina lake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kazi yenyewe ya kupamba chakula ni ulaghai, kwa hiyo haistahili jina. Ushahidi unaotajwa sana ni wa supu ya kampuni ya Campbell: katika picha za matangazo, gololi za kioo ziliwekwa kitakoni mwa bakuli ili mboga zielee juu, na mwaka 1970 tume ya biashara ya serikali ikalifunga shauri hilo kwa amri ya kukomesha mbinu hiyo. Kosa lilikuwepo, kwa maana mnunuzi aliaminishwa kuna mboga nyingi kuliko zilizomo. Hata hivyo, supu ikitulia mboga huzama, na picha isiyoguswa ingeonyesha mchuzi mtupu, nao ungekuwa uongo wa upande wa pili. Kati ya uongo wa pande hizo mbili ndipo ulipo ufundi wa mpambaji, na mtu hawezi kuwajibika kwa ufundi wake akiwa hana jina.

Basi mwandishi, mhusika wako mpe jina lake mwenyewe. Hata saini ya Betty Crocker iliandikwa na karani wa ofisini, Florence Lindeberg.